Kengele Bila Ng'ombe

Mwenye mtoto asiyeweza kuona kitu bila kukifungua, asikilize haya ya Theodora wa upande wa Ilongero na mwanawe Ignas. Na asikilize mpaka mwisho, maana habari za watu wa kubuni vitu husimuliwa zikiwa zimeoshwa: fulani alifikiri, akatengeneza, kikafanya kazi, akapigiwa makofi. Mama yake alikuwa wapi siku hizo, na chakula kilimshuka vipi kooni, hakuna anayeuliza.

Ulikuwa mwaka wa kwanza tangu watu wahamishiwe kijijini. Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa imewakimbia, watu wakala unga wa njano wa msaada mpaka wakauchukia. Sasa tumaini lote lilikuwa kwenye shamba la pamoja la uwele. Masuke yalipoanza kujaa, wakaja kweleakwelea. Asiyewajua ashukuru Mungu. Ni ndege wadogo, lakini huja kama moshi wa moto wa porini, na shamba walilotua asubuhi, jioni utakuta mabua yamesimama kama fimbo za wachungaji.

Kila nyumba ilitoa mtu wa kukaa juu ya ulingo, apige debe, apige kelele, arushe udongo kwa kombeo tangu alfajiri mpaka jua lizame. Sauti ziliwakauka. Zamu ya nyumba ya Theodora ilikuwa ya Ignas, kijana wake wa pekee, ambaye baba yake alishafariki.

Siku moja Theodora alikuwa amempelekea uji ulingoni. Dume la ng'ombe la watu, lenye kengele shingoni, likaja likipita kando ya shamba taratibu, ko, ko, ko. Kundi la ndege lilikuwa limetua pale karibu, linakula. Dume likafika kwenye nguzo ya ulingo, likaanza kujikuna shingo. Kengele ikapiga kwa fujo, na ndege wote wakaruka kwa pamoja, purr!

"Mama, umeona?"

"Nimeona ng'ombe anajikuna. Kunywa uji, unapoa."

Lakini alishamwona usoni. Ignas akishika sura ile, hata ukimwita kwa jina hasikii. Theodora alijiuliza mambo haya humjia mtoto kutoka wapi, maana yeye na Ignas walikuwa wamemtazama ng'ombe yuleyule.

Siku zilizofuata vitu vilianza kupotea nyumbani. Kwanza kisu, halafu kamba ya mkonge, halafu debe.

"Ignas! Debe langu la maji liko wapi?"

"Lipo, mama."

"Lipo wapi?"

Akampeleka shambani, akamwonyesha juu. Debe lilikuwa limekatwa vipande, limekuwa mapanga ya gurudumu lililosimama juu ya mti mrefu katikati ya shamba. Upepo wa Singida hauombwi, huja wenyewe. Gurudumu lilipozunguka, vijiti vilivyochomekwa kwenye mhimili wake vilishika kamba, vikaivuta, vikaiachia. Kutoka pale kamba zilitambaa shamba zima juu ya miti yenye panda, zimening'inizwa makopo yenye kokoto ndani. Upepo ukivuma, shamba lote lililia: chaka, chaka, chaka.

Ndege walikuja, wakasikia, wakageuka. Kesho yake vilevile.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Mughwai, alikuja mwenyewe. Akaizunguka ile mashine, mikono nyuma.

"Shikamoo, mwenyekiti," Ignas alisema.

"Marahaba. Kijana, wengine wanaimba kujitegemea, wewe umekutengeneza kwa debe!" Akawageukia watu. "Shukeni kwenye vilingo, wote. Kuanzia leo shamba linalindwa na upepo. Nyie twendeni tukafyatue matofali ya zahanati."

Watu walishangilia. Cecilia, jirani mwenye ulimi usiolala, akamkumbatia Theodora. "Mama Ignas, sasa kukusalimia itabidi tuombe ruhusa?"

Theodora alicheka. Akasogea kwa mwenyekiti. "Mzee, si wangebaki hata wawili watatu, kwa tahadhari tu?"

"Mama, unamwonea wivu mwanao?"

Watu wakaangua kicheko, naye akaenda kwenye matofali pamoja nao. Ndiyo maana haya yanaandikwa. Mama mwenzangu, siku wanayomsifu mwanao ndiyo siku ya kufungua macho, maana yeye macho yake siku hiyo hayaoni. Mgema akisifiwa, unajua mwenyewe.

Ignas hakutoka tena chini ya gurudumu. Alipaka mhimili mafuta ya ng'ombe, alikaza hiki, alieleza kile. Watu walikuja mpaka kutoka vijiji vya jirani. Wageni walitazama gurudumu, Ignas alitazama wageni, na ndege hawakutazamwa na mtu.

Ila Theodora. Asubuhi moja alipita upande wa bondeni kutafuta kuni, akaona kitu kidogo kimekaa juu ya kamba. Kamba ikavutwa, chaka, nacho kikabembea, hakikuruka. Ndege. Kando yake mwingine. Alipoingia ndani ya uwele akakuta masuke matupu, safu kwa safu, na juu yake makopo yanalia vizuri kabisa.

Alisimama pale na kanga yake mdomoni. Nikimwambia, nitamvunja. Nisipomwambia, watu watakula nini? Akatupa kuni, akaenda.

"Ni wachache tu, mama," Ignas alisema bila kumtazama. "Nitaongeza makopo."

Akaongeza. Kelele zikawa kubwa mpaka zikamkera kila mtu isipokuwa ndege. Siku mbili tu, bonde lote likawa jeupe kwa mabua. Cecilia alipita njiani, tofali la udongo mkononi, akaita kwa sauti: "Ignas! Umewapigia ndege ngoma, mbona huwapikii?"

Mwenyekiti alikuja, safari hii bila kuzunguka. "Kesho watu wanarudi kwenye vilingo. Na hiki kitu chako kinang'olewa. Kilicholiwa kimeliwa, lakini kwenye mkutano utasimama wewe, si mimi, uwaambie wenye watoto kwa nini shamba lilikosa walinzi."

Alipoondoka, Ignas alichukua shoka. Theodora akamshika mkono. Alikuwa na swali tu, ambalo lilikuwa likimkera tangu asubuhi.

"Baba, ngoja kwanza. Yule ng'ombe siku ile. Alipokuwa anakuja, kengele si ilikuwa inalia?"

"Ilikuwa inalia."

"Ndege waliruka?"

"Hapana. Walikuwa wanakula."

"Sasa waliruka lini?"

"Alipojikuna." Shoka likashuka taratibu. "Hawakujua kama atajikuna. Akitembea ni ko, ko, ko, wanamjua anaelekea wapi. Gurudumu langu nalo chaka, chaka, wameshalijua." Akakaa chini. "Mama, mimi nilichukua kengele, nikamwacha ng'ombe."

Na hapo ndipo Theodora alipomwona mwanawe ni fundi, si siku ile ya makofi. Maana Ignas alipanda mti na kukata kwa mkono wake kamba iliyofungwa kwenye gurudumu, lile lililoleta wageni. Kamba zote akazikusanya mpaka juu ya ulingo mmoja, akakaa nazo mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu aijenge mashine, akawatazama ndege. Aliwaacha wazunguke. Aliwaacha washuke. Walipokunja mabawa kutua, akavuta ya kushoto. Wakahamia kulia, akakaa kimya mpaka wakazoea kimya, akavuta. Jua lilipozama halikuwa limetua hata kundi moja.

Kesho yake watu walirudi kwenye vilingo kama walivyoamriwa, wakajikuta hawana kazi. Mwenyekiti alitazama mpaka mchana, akakohoa, akawarudisha kwenye matofali. Mtu mmoja ulingoni alitosha, na Theodora naye alipokea zamu, kamba zikamchubua viganja.

Uwele wa juu ulipona, wa bondeni ulikwisha. Kwenye mkutano Ignas alisimama, akasema kosa ni lake. Wengine walimsamehe, wengine, wakipokea mgawo mdogo, walimtazama pembeni mpaka mwaka mwingine. Hilo nalo liandikwe.

Baada ya mavuno mwenyekiti akaleta wageni waje kujifunza. Wakajaa moja kwa moja chini ya gurudumu, ambalo lilikuwa bado linazunguka bure, halijafungwa kitu. Theodora akaenda kumtafuta mwanawe. Akamkuta amechuchumaa kando ya uwanja wa kupuria, kamba moja mkononi, anatazama ndege wachache wanaodonoa punje.

"Wageni wanakungoja, baba."

"Polepole, mama. Yule wa mbele ameanza kuitambua kamba." Hakugeuka. "Waambie waje huku. Lakini wakae kimya."

Theodora akaenda kuwaambia. Walikuja wawili tu. Wengine walibaki kwenye gurudumu.