Blanketi la Mikono Mitatu

Wadogo zake walimwita Kiranja, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuwapanga wenzake: nani aoge kwanza, nani akae wapi, nani afunge mdomo. Ukubwani akapata kazi ya msimamizi wa zamu katika kiwanda cha biskuti, akawa analipwa mshahara kwa tabia ileile iliyokuwa ikimletea ugomvi nyumbani. Basi aliposikia kwamba hospitali inamwandalia mama yao sherehe ya kumuaga, baada ya ukunga wa miaka mingi, hakungoja kuulizwa. Alimpigia simu muuguzi mkuu, akamwambia kwamba siku hiyo mabinti watatu watamvika mama yao blanketi la kroshia walilolifuma kwa mikono yao wenyewe, la kufunika kitanda kizima. Muuguzi mkuu akafurahi mno, akaliingiza jambo hilo kwenye ratiba, na ratiba ikachapwa. Wakati huo blanketi lenyewe halikuwa na hata fundo la kwanza.

"Umetuuza," alisema mdogo wake anayemfuata, msusi mwenye saluni yake. "Tena umetuuza bila hata kutuuliza bei."

"Mama ametufundisha kroshia wote watatu. Sasa tusimfumie sisi, afumiwe na nani?"

Mama yao aliwafundisha kweli, tena bila huruma, na wote watatu walijua kwamba hakuna zawadi ya dukani ambayo ingemgusa kama hiyo.

Tumpe Kiranja haki yake: mwanzo aliupanga vizuri. Alinunua uzi wote siku moja, duka moja, kwa sababu bluu ya mwezi huu si bluu ya mwezi ujao hata kama muuzaji anaapa. Alichagua rangi tatu tu, njano, nyeupe na bluu, akanunua sindano tatu za kroshia za unene mmoja. Akamgawia kila mtu mfuko wake na maelekezo ambayo hata mlevi angeyaelewa. Kila kipande kiwe cha mraba, chenye mizunguko mitatu: kiini cha njano, kisha nyeupe, kisha bluu pembeni. Kila mmoja afume vipande vyake nyumbani kwake, halafu wakutane kwake Jumapili waviunge. Alilala usingizi mzuri sana siku ile.

Jumapili ilipofika, vipande vikamwagwa kwenye zulia la sebuleni kwake, na usingizi mzuri ukaisha. Vya Kiranja vilikuwa vidogo, vimebana, vigumu, vinasimama vyenyewe ukiviegemeza ukutani. Vya msusi vilikuwa vikubwa na laini, vimelegea. Vya mdogo wao wa mwisho, Kitinda, ambaye aliuza katika duka la dawa na hakuwahi kumaliza chochote alichokianza isipokuwa chakula, vilikuwa vya wastani na vizuri, ila vilikuwa vichache mno. Pamoja navyo alikuwa ameleta nusu ya kofia na soksi moja ya mtoto mchanga, vyote vya uzi uleule wa bluu.

"Nilichoka na miraba," alijitetea.

"Na hivi ni nini?" Kiranja alimgeukia msusi, akiinua kipande kimoja kwa ncha za vidole. "Ni vipande au mikeka?"

"Na hivyo vyako? Vifuniko vya chupa?"

"Wewe ambaye wateja wako wanatoka saluni macho yamevutwa mpaka masikioni, leo ndiyo mkono umelegea?"

"Nywele zinalipa, dada. Uzi haulipi."

Kitinda alicheka. Kiranja alikunja uso. Alijaribu kukiunga kipande chake na cha msusi, akavuta huku, akapunguza kule, lakini kimoja kilipinda na kingine kikajikunja kama jani. Akaketi chini katikati ya vile vipande, akashika tama. Siku zilikuwa zinakwenda, na jina la mabinti watatu lilikuwa tayari limebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa hospitali. Akilini alimwona mama yake amesimama mbele ya madaktari, mtangazaji anawaita watoto, nao wanapita mbele mikono mitupu.

"Sawa," alisema, akianza kuvizoa. "Leteni vyote. Nitavifumua, nifume upya mwenyewe. Blanketi zima, peke yangu."

"Peke yako!" Msusi aliangua kicheko. "Kwani kule kiwandani kwako kila mtu anaoka biskuti yake, anaipaka krimu yake, anaifunga kwenye pakiti yake mwenyewe?"

Kitinda alicheka mpaka chai ikamwagikia sketi. Kiranja hakucheka. Alibaki mdomo wazi, kipande kimekwama mkononi. Kila siku ya kazi alisimama mbele ya mashine akiangalia biskuti zikipita kutoka mkono huu hadi mkono ule, kila mtu na kazi yake moja tu, na pakiti zote zinatoka sawasawa. Akarudi nyumbani, akawaambia wadogo zake kila mtu aoke biskuti yake. Alijiona mjinga, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kujiona hivyo, aliviachia tena chini vipande alivyokuwa amevizoa.

"Mungu wangu," alisema hatimaye. "Kila kipande kitapita mikono yote mitatu."

Akawaeleza. Mmoja afume viini tu, mwingine mzunguko mweupe tu, wa tatu bluu ya pembeni na kuunga. Mkono ukibana utabana kwenye vipande vyote, ukilegea utalegea kwenye vyote, na mwisho wa yote vitalingana. Walifumua kila kitu jioni ileile, hata soksi, wakaanza upya. Viini akapewa Kitinda.

"Ngoja kwanza," alisema Kitinda. "Yaani kazi yangu ni kuanza tu? Kumaliza si juu yangu?"

"Hata ukitaka kumaliza sikuruhusu."

Kitinda aliinua mikono juu, akamshukuru Mola.

Msusi akapewa nyeupe, Kiranja akajiwekea bluu. Kila mfuko ulikuwa na rangi moja na sindano moja, basi, kwa sababu mtu mwenye rangi moja hana nafasi ya kujiuliza afume nini leo. Kila mmoja aliapa kuficha mkia wa uzi wake kabla ya kukitoa kipande mkononi, ili asimwachie mwenzake takataka. Vitambaa vyake vya makochi ambavyo havijakamilika, Kiranja alivifunga na kuvipandisha juu ya kabati, asije akavitupia jicho na kushawishika. Kitinda alifuma viini dukani wateja wakipungua, akavipitisha saluni akienda nyumbani. Msusi alifuma nyeupe huku akingoja dawa za wateja zikauke vichwani. Vikamfikia Kiranja, naye akavimalizia.

Mzigo wa kwanza ulipokamilika, Kiranja alivipanga vipande juu ya meza, kimoja juu ya kingine. Kingo zikakaa sawa kama pakiti za kiwandani. Alivizunguka, akavitazama kwa mbele na kwa ubavuni, akamwita mume wake aje aone.

"Ni vitambaa," alisema mume wake.

"Si vitambaa. Tazama vizuri."

Mambo yangeendelea hivyo mpaka mwisho laiti Kiranja asingekuwa Kiranja. Ule mzunguko mweupe wa msusi ulikuwa unamkera rohoni. Haukuwa na kosa, kazi ilikwenda, lakini ulikuwa umelegea, na yeye kitu kilicholegea hakimpi raha. Jioni moja alifumua weupe wa kipande kimoja, akaufuma upya kwa mkono wake. Ukapendeza. Akafumua kingine. Mpaka anakwenda kulala alikuwa amemaliza mfuko mzima, na mzigo uliofuata akaufanyia vivyo hivyo bila kumwambia mtu.

Aligundua kosa lake siku aliyoanza kuunga. Sherehe ilikuwa Jumamosi ya wiki ileile. Safu za kwanza zililala chini vizuri, kisha zikaja zile alizozitia mkono, zikawa fupi, zikaanza kulivuta blanketi zima upande. Alizipiga pasi ya mvuke, zikanyooka, zikapoa, zikarudi kulekule. Alizinyoosha kwa pini, hazikusikia. Akawaza kumsingizia Kitinda, akaona aibu hata kuliwaza. Ndipo alipochukua simu, akampigia msusi, na kumweleza lote tangu mwanzo.

Msusi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha simu ikakatwa.

Msusi alitokea baada ya kufunga saluni, bado na aproni yake, akakaa kwenye kochi bila kusalimia.

"Umevifumua."

"Nimevifumua."

"Vyangu tu, au na vya Kitinda?"

"Vyako tu."

"Tangu tukiwa watoto," msusi alisema, sauti yake chini, "nikimaliza kitu unakichukua, unakigeuza, unakifumua. Ndiyo maana mimi uzi hauniingii moyoni. Kwa nini nijitese? Najua utafumuliwa."

Kiranja alitaka kujitetea, kwamba alikuwa anasaidia, kwamba mama naye alikuwa mkali. Akaitazama ile safu iliyojikunja sakafuni, akaacha.

"Samahani, mdogo wangu," alisema. "Mkono wako ndio unaolifanya blanketi lilale. Wangu ukiwa peke yake unalikunja."

"Rudia."

"Nimesema samahani."

"Siyo hiyo. Ile ya mkono wangu."

Kiranja alirudia, neno kwa neno, na ilimuuma kila neno. Msusi aliitikia kwa kichwa, akavua aproni, akanyoosha mkono apewe mfuko.

Walimwita na Kitinda. Tangu siku hiyo, kila jioni walikaa kwenye kochi moja, watatu, magoti yanagusana. Kiranja alifumua rangi zake na weupe wake wa hila, Kitinda akafuma viini vipya badala ya vile vilivyochakaa kwa kufumuliwafumuliwa, msusi akazungusha nyeupe, Kiranja bluu. Vipande vilipita mkono kwa mkono huku wakisemana, wakicheka, wakimsema vibaya mume wa Kiranja aliyekuwa chumba cha pili anawasikia. Kila mara msusi alipokuwa akifuma, Kiranja alikalia mikono yake ili isimponyoke. Alipolitandika blanketi sakafuni Ijumaa, lilikaa tuli kutoka pembe hadi pembe. Kitinda alilia kidogo, akasema ni vumbi la uzi.

Sherehe ilifanyika uani pa hospitali, chini ya turubai, jua likiwaka kama lina kisasi na mtu. Mama yao aliketi mbele kwenye kiti cha plastiki, amevaa sare yake kwa mara ya mwisho, mgongo umenyooka. Mtangazaji alisoma ratiba, akawaita mabinti watatu. Wakapita mbele na blanketi, wakalikunjua mbele ya watu, wakamzungushia mama yao mabegani.

Mama hakutabasamu. Alishika pindo, akaligeuza aone upande wa nyuma, kama afanyavyo mfumaji yeyote, na vidole vyake vikapita kipande baada ya kipande vikitafuta mkia wa uzi uliosahauliwa. Uwanja mzima ukangoja. Kiranja roho ilikuwa juu. Alikuwa ameandaa hotuba fupi ya kueleza nani amefanya nini, nani alipanga, nani aliunga, na midomo yake ilikuwa imeshaanza kufunguka. Mama alipofika pembe ya mwisho aliliachia pindo, akalivuta blanketi akajifunga nalo barabara mpaka kidevuni.

Muuguzi mkuu alimwinamia. "Mama, jua kali hili. Tukupunguzie, utalivaa nyumbani."

"Nani kakwambia nina joto?" Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni.

Alisimama bila kualikwa, na blanketi lake, akaomba kipaza sauti.

"Maisha yangu yote hapa kazi yangu imekuwa moja," alisema. "Nampokea mtoto, namfuta, namfunika, nampa mama yake, namwambia: haya mama, mtazame mwanao. Nimewaonyesha watu watoto wao mpaka leo. Basi leo nyinyi tulieni, mtazame wangu." Akawageukia. "Simameni vizuri, watu wawaone."

Walikuwa wamekwisha simama, lakini walijinyoosha zaidi. Watu walipiga makofi, wauguzi wakapiga vigelegele, na daktari mmoja akauliza kwa sauti ni yupi hasa kati yao aliyelifuma. Mama alisema, "Hawa," akakaa. Kiranja alifunga mdomo. Hakuwa amewahi katika maisha yake kusifiwa bila kutajwa peke yake, na alishangaa jinsi sifa ile ilivyokuwa kubwa, ilivyomjaa kifua chote na bado ikabaki ya kuwatosha wale wawili. Akasogea katikati ya wadogo zake, akawashika mikono, akaiinua juu ili watu wote waione.