Kadi Iliyofutwa Jina

Mimi ni Edina, mama Hana, wa Nkuhungu. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo naandika kama ninavyozungumza. Wewe mama mwenye mtoto mgonjwa, soma mpaka mwisho.

Hana alikuwa na miaka mitano alipogundulika na saratani ya damu. Daktari Priska wa hospitali alimwanzishia vidonge, akanionya kwamba vinamezwa kila siku, hata mtoto akionekana mzima. Na kweli baada ya miezi minne alianza kucheza. Lakini vile vidonge vilimtapisha. Kila asubuhi nilimbana pua, yeye analia, mimi nalia.

Mwaka huo, 1999, mume wangu Fabian alileta nyama imefungwa kwenye gazeti. Nikaanza kulisoma kabla sijalitupa. Waliandika kwamba wataalamu wa nje wanajaribu chanjo ya kutibu saratani ya damu, inaufundisha mwili kuitambua damu mbovu na kupigana nayo. Nilikikata kile kipande kwa wembe, nikakianika, nikakitia ndani ya Biblia. Nikamsimulia jirani yangu Sikudhani. Yeye alimsimulia nani, sijui. Wiki haikuisha, mtu akabisha hodi.

Ilikuwa saa saba mchana. Mbwa wetu hubwekea hata kuku wa jirani, ila siku hiyo alinyamaza. Yule mtu alivaa viatu vyeupe, na havikuwa na vumbi. Nkuhungu, mwezi wa Septemba, viatu havina vumbi!

"Mama Hana," alisema, nami sijamwambia jina. "Ile chanjo ya kwenye gazeti imefika."

Alijiita Daktari Silvano. Alisema ana duka la dawa mjini, na siku hizo tangu watu binafsi waruhusiwe kuuza dawa kila mtaa ulikuwa na duka la dawa, basi sikushangaa. Alikuwa na kisanduku cha baridi kama kile cha kliniki. Alipokifungua baridi ilinipanda mpaka magotini, lakini barafu sikuiona.

"Sindano nne, moja kila wiki. Vidonge acha, chanjo haitaki kuchanganywa. Na akipata homa usiogope. Ujue inashika."

Neno hilo ndilo lililonimaliza. Sisi tuliokaa kwenye benchi la kliniki na vichanga tunalijua. Mtoto akichomwa sindano usiku anachemka, na nesi anakwambia usihofu, chanjo inafanya kazi. Hana alipochemka baada ya sindano ya kwanza, Sikudhani alipiga vigelegele.

"Mwenzangu, imeshika hiyo! Unalia nini? Pika uji tunywe!"

Tukacheka. Mungu anisamehe, tulicheka.

Baada ya sindano ya pili homa ilirudi na haikuondoka. Siku ya tatu yake Hana alikuwa mkekani, anapitisha kidole juu ya kadi aliyotuachia yule mtu.

"Mama, Gerson anasema ya tatu haiumi."

"Gerson yupi?"

"Wa humu." Akagusa kadi.

Hana alikuwa hajui a wala be. Nikaitoa kadi nje, nikaiinamisha juani. Chini ya jina la mwanangu kulikuwa na maandishi ya penseli yaliyofutwa, mikwaruzo tu imebaki. Gerson, Miyuji. Na tarehe tatu za sindano, nazo zimefutwa. Mahali pa sindano ya nne karatasi ilikuwa laini, hapakuwahi kuandikwa kitu.

Nikamfunga Hana mgongoni, nikaenda Miyuji kwa miguu. Nikaulizia mpaka nikaonyeshwa mama mmoja anapepeta mtama uani, anaitwa Emilia.

"Mbukwa," nikamsalimu kwa Kigogo chao.

"Mbukwa, mwanangu."

"Namtafuta Gerson."

Ungo haukusimama. "Umechelewa. Tulimzika Juni. Alichemka baada ya sindano ya tatu, tukasema imeshika. Hatukumpeleka popote."

"Na kadi yake?"

"Yule bwana aliifuata asubuhi yake. Wala hatukuwa tumemtumia taarifa ya msiba." Akaushika mguu wa Hana, na hapo ndipo ungo ulisimama. "Huyu anaungua. Usikae. Nenda!"

Daktari Priska hakunigombeza. Alisema kwa mtoto mwenye ugonjwa huu homa ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Akaniuliza vidonge. Nikamwambia nimeacha siku kumi. Nikampa kipande cha gazeti, akakisoma chote.

"Hawakudanganya, mama. Wanajaribu kweli, na mimi naomba wafanikiwe. Lakini bado ni majaribio, haiuzwi popote. Siku ikifika nitakuita mwenyewe." Akakikunja vizuri, akanirudishia.

Vipimo vilionyesha damu mbovu imerudi. Fabian akampeleka Hana Dar es Salaam, mimi nikabaki kutafuta nauli na wa kuangalia nyumba.

Siku ya pili, saa saba mchana, mbwa akanyamaza. Viatu vyeupe vilikuwa mlangoni.

"Pole, Mama Hana. Nimefuata kadi."

"Pole ya nini?"

Alinyoosha mkono tu.

"Sikupi!"

"Si yako. Ni ya anayefuata."

Nikachukua kalamu ya Fabian, ya wino usiofutika. Mbele ya macho yake nikaandika juu ya kadi, kwa kukandamiza mpaka ikatoboka: Gerson. Hana. Aliitazama kadi, akageuka akaenda zake.

Nilikimbia mpaka posta, nikapiga simu wodini. Nesi akaniambia ngoja nikaangalie. Waya ulikuwa unavuma, nami nilikuwa nauma kanga.

"Yupo, mama. Anadai uji."

Nikakaa chini pale pale sakafuni.

Hana ameanza matibabu upya, na madaktari wa Dar hawaniahidi kitu. Mjini, pale Silvano aliposema lipo duka lake, wanauza misumari. Ana kadi nyingine, nina hakika. Akija kwako, iinamishe juani kwanza. Na mtoto wako akichemka, usipige vigelegele kama sisi. Mbebe, kimbia.

Jana Hana ameniuliza kwenye simu kama Gerson bado yumo kwenye kadi. Nimemwambia yumo. Nimemwandika kwa wino.