Ukurasa wa Suhaib

Mwanaheri alipoingia darasani siku ya kwanza, vijana walidhani ni mama aliyekuja kuulizia maendeleo ya mtoto wake. Walimwamkia kwa adabu, wakampisha apite kuelekea ofisini. Yeye akaitikia marahaba, akavuta kiti cha mstari wa mbele, akaketi na kuweka pochi mapajani.

Darasa lilikuwa ghorofani pale Tandika, juu ya duka la dawa, chumba chenye feni ya kelele nyingi na upepo kidogo. Hapo ndipo walipofundishwa kutengeneza tovuti, watu wasiojua chochote, kuanzia mwanzo kabisa. Mwalimu aliitwa Brightson, kijana wa Kipawa mwenye sauti ya upole. Alimuuliza kila mmoja anataka kutengeneza nini. Vaileth, binti aliyekaa ubavuni mwa Mwanaheri, alitaka tovuti ya saluni ya shangazi yake. Mwingine akasema viatu vya mtumba, mwingine matokeo ya mpira wa mchangani.

"Na wewe mama?"

"Mie namtafuta mwanangu," alisema Mwanaheri.

Brightson akashika kalamu yake ya ubao, akaiweka tena mezani.

Suhaib alikuwa mtoto wake wa pekee. Baba yake alipofariki, kijana aliaga anakwenda Afrika Kusini kutafuta maisha. Mwanzoni alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Baadaye ikawa mara mojamoja, kisha namba ikawa haipatikani, na sasa ilikuwa imepita miaka. Mwanaheri alikwishawauliza vijana waliorudi kutoka Durban. Alikwishaweka picha Facebook. Watu wakaandika pole, na kesho yake picha ikazama chini ya harusi na mpira wa watu wengine. Ndipo mtu mmoja alipomwambia kuwa tovuti haizami. Inakaa mahali pake, na anayetafuta jina hilo ataikuta. Basi akaja kujifunza.

Kuchapa hakukumsumbua, maana aliwahi kuwa karani wa shule. Kilichomsumbua ni zile alama za kuupangia ukurasa. Brightson alieleza kwamba ukurasa una kichwa na una mwili, na kila kinachofunguliwa lazima kifungwe. Mwanaheri akasahau kufunga alama ya herufi nene, ukurasa mzima ukawa mweusi, mistari imekolea kama tangazo la msiba. Alishtuka, akaufunika uso wa kompyuta kwa kiganja.

"Mama, kosa dogo hilo," Brightson alisema. "Ona hapa, umeruka mkwaju, kile kistari cha mshazari. Uweke, halafu tazama."

Akauweka. Maandishi yakarudi mepesi, naye akashusha pumzi.

Siku nyingine picha ya Suhaib ilikataa kutokea, pakawa na kisanduku kitupu tu. Alihangaika nayo mchana kutwa mpaka Vaileth alipogundua kuwa jina la picha limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye faili na ndogo kwenye ukurasa. Waliporekebisha, Suhaib akatokea ghafla, amevaa shati la mistari, anacheka amefumba macho. Mwanaheri akamgusa shavuni kwenye kioo.

"Tuweke nyekundu, mama, watu waione," Vaileth alisema walipofika kwenye rangi.

"Nyekundu hapana, mwanangu. Watadhani anatafutwa na polisi."

Wakaweka kijani. Chini ya picha akaandika kwamba Suhaib ana kovu juu ya jicho la kushoto, kwamba ni mpole, kwamba hapendi bamia. Vaileth alitaka kumwambia bamia haisaidii kumtambua mtu, akaghairi. Mwisho Mwanaheri akaandika: *Mama yako yupo palepale Tandika. Hakuna aliyekukasirikia.* Na namba yake ya simu.

Siku ukurasa ulipopandishwa mtandaoni, darasa zima lilipiga makofi. Walisambaza linki kwenye magrupu ya WhatsApp, na magrupu yakaipeleka kwa Watanzania walioko kule kusini. Mwanaheri alirudi nyumbani anatembea kama msichana.

Simu ilipigwa Jumapili, yuko uani anachambua mchele. Namba ilikuwa ya nje.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Mama."

Ungo ulimponyoka, mchele ukamwagika sakafuni. "Suhaib! Suhaib mwanangu! Alhamdulillahi, ya Rabbi! Uko wapi? Mzima wewe? Umekula?"

"Mie mzima, mama. Sikiliza. Ile picha, iondoe."

"Nini?"

"Ile picha ya kwenye mtandao. Iondoe leo, mama, nakuomba. Huku natumia jina lingine. Vibali vyangu vyote vina jina lingine. Kuna mtu kazini kaiona, ananiuliza maswali. Wakinishika wananirudisha, na mie nina familia huku."

"Una familia?"

"Nina mke. Na mtoto."

Mwanaheri akakaa chini, juu ya mchele. "Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Nipe nimsikie. Hata alie tu, nimsikie."

Sauti za magari zilipita upande wa pili.

"Mama, mke wangu anajua wazazi wangu wote wamefariki. Nilimwambia hivyo zamani. Sasa nitaanzia wapi?"

"Anzia popote, baba. Waambie tu mama yako yu hai. Mie sitakuja. Sitaomba kitu."

"Haiwezekani, mama. Usiihifadhi hii namba, ni ya kuazima. Nisamehe." Alikuwa analia, hilo Mwanaheri alilisikia vizuri, na baadaye ndilo alilokuwa akilishikilia. "Utaiondoa?"

"Nitaiondoa."

Simu ikakatika.

Kesho yake alimwambia Brightson anataka kuufuta ukurasa. Sababu hakuitaja. Brightson akajitolea kumfanyia, akasogeza kiti, lakini Mwanaheri akamzuia mkono.

"Niache. Nilimweka mwenyewe, nitamtoa mwenyewe."

Alianza na namba ya simu, yakafuata maneno, kisha kovu na bamia, mwisho ikabaki picha peke yake kwenye kijani. Aliitazama mpaka wenzake wakaanza kufunga mabegi. Kisha akaifuta. Kioo kikaandika kwamba ukurasa huo haupo. Vaileth alimshika bega, akabaki amelishika.

Taarifa za kufutwa kwa ukurasa zikamfikia Marijani, mdogo wa marehemu mume wa Mwanaheri. Alikuja Ijumaa na wanawake wawili wa ukoo, akakaa sebuleni na kofia yake magotini.

"Shemeji, nimeona umeitoa ile picha. Umefanya jambo la busara. Kukubali kazi ya Mungu si rahisi." Akakohoa. "Sie tumekaa tumezungumza. Tumsomee kijana hitima, naye apumzike."

Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Mmoja alikwishaanza kuulizia sufuria za kupikia.

"Hapana," alisema Mwanaheri.

"Shemeji..."

"Hapana. Asisomewe. Hajafa."

"Nani kakwambia?"

Alifungua mdomo. Ile simu ilikuwa kwenye ulimi, na mke, na mtoto wa kike. Ndani ya ukoo huu neno halilali. Lingefika kwa vijana wa Durban kabla ya magharibi. Akafumba mdomo.

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Muombeeni dua ya mtu aliye hai. Muombeeni popote alipo. Hitima sitaki."

Walitazamana. Marijani alinyanyua viganja, akamuombea kijana, sauti yake imejaa huruma ya mtu anayemridhisha mgonjwa. Mwanaheri aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Walipotoka alimsikia Marijani barazani akiwaambia wale wanawake, "Tumpe muda. Haijamwingia bado kwamba mtoto hayupo."

Alikusanya vikombe vya chai, akavipeleka uani. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakumuuliza mjukuu wake anaitwa nani.