Mama wa Mshiriki

"Mwanamke wa namna hiyo hayupo duniani," Telesia alisema, akivuta mkono wa mashine yake ya kufumia sweta. "Jana kafukuzwa na mumewe, mvua inanyesha. Leo anamwandalia chai, na nywele zimelala vilevile. Mwangalieni miguu. Matope yako wapi?"

Wanawake waliokuwa saluni wakacheka. Kwenye televisheni iliyotundikwa juu ya kioo, tajiri wa Kituruki, aliyetiwa sauti ya kijana wa Dar es Salaam, alikuwa akipokea kikombe cha chai kutoka kwa mke ambaye yeye mwenyewe alimtesa tangu Pasaka.

"Amesamehe, mama," Zipora alisema, kitana kikiwa mdomoni. Saluni ilikuwa yake.

"Hajasamehe. Ameambiwa na mwenye tamthilia asamehe."

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda katika kibaraza kile cha soko la Njombe. Telesia alikodi pembe ya mlango, mahali penye mwanga, akafuma sweta za shule za kijani na za bluu huku akitazama marudio ya mchana. Nyumbani hakuwa na televisheni. Lakini hukumu zake zilijulikana mpaka kwa wauza parachichi upande wa pili wa barabara. Tamthilia za Kituruki alizilaumu kwa nyumba kubwa ambazo hakuna mtu anayepika ndani yake. Za nyumbani alizilaumu kwa wagonjwa wanaokata roho wamepaka rangi ya mdomo. Na ile shoo mpya, Paa Moja, ambamo vijana walifungiwa ndani ya jumba lenye kamera huku nchi nzima ikiwapigia kura, hiyo aliidharau kuliko zote.

"Watu wazima, wamekula, wamelala, halafu wanagombana nani kanywa maziwa ya nani," alisema. "Mama zao wanawatazama, masikini."

Kisha shoo ilipofika katikati aliingia mshiriki mpya, kijana mrefu waliyemwita Hila. Alisema ametoka Makambako. Zipora alipiga makofi kwa furaha. "Wa kwetu!"

Telesia alikuwa amemtambua kabla hajafungua mdomo. Alikuwa na tabia ya kujikuna sikio kwa bega, kama mtu aliyeshika mizigo mikono yote miwili. Alikuwa nayo tangu hajaanza shule. Hilary. Uso ulikuwa umejaa, ndevu zimechongwa, lakini bega lilikuwa lilelile.

Siku hiyo hakusema kitu. Alitaka kwanza alionje jambo lile peke yake, kama mtu anayeficha kipande cha nyama chini ya ugali. Mwanawe alikuwa hai. Alikuwa anakula. Tangu alipomaliza kidato cha nne na kuondoka Makambako bila kuaga, namba yake ya simu ilikuwa haipatikani, na Telesia alikuwa amefikia mahali ambapo akisikia ajali redioni husimama mpaka majina yaishe. Baadaye kaka yake alimwita Njombe akampa mashine. Hapa sokoni hakuna aliyejua kwamba amewahi kuzaa.

Alipanga kuwaambia siku ya Jumatatu. Siku hiyo hiyo ikawa zamu ya washiriki kusimulia maisha yao, mmoja mmoja, kwenye kiti chekundu.

"Mama yangu aliitwa Oktavia," Hila alisema. "Alinilea peke yake. Alikufa kwa kifua nikiwa darasa la sita. Tangu hapo sina mtu. Nimejilea mwenyewe."

Zipora aliacha kusuka. Mteja wake alikuwa analia, rasta zikiwa nusu kichwa. "Masikini ya Mungu," Zipora alisema, akitafuta simu. "Kura yangu hiyo. Mama Telesia, unasemaje juu ya huyu?"

Telesia alikuwa amevuta mkono wa mashine bila uzi kushika sindano, na mkono mzima wa sweta ukaanguka mapajani.

"Mama?"

"Nimeharibu kazi," alisema. Akainama kuokota.

Oktavia alikuwa dada yake. Telesia alimwachia mtoto akiwa bado ananyonya, akaenda kuchuma chai Luponde, kwa sababu baba wa mtoto alikuwa ameondoka na shamba halikuwa lao. Alirudi kila Krismasi na nguo ambazo mtoto alikuwa ameshazipita kimo. Aliporudi moja kwa moja, ilikuwa kuja kumzika dada yake. Miaka waliyokaa wawili baada ya hapo ilikuwa ya watu wanaopishana mlangoni. Hilary alimwita mama mbele ya wageni tu.

Wiki iliyofuata mtangazaji alitabasamu akasema kwamba washiriki waliofika fainali watatembelea makwao, na kwamba Jumamosi Hila ataweka maua kwenye kaburi la mama yake huko Makambako. Wapenzi wa shoo wajitokeze kwa wingi.

Jumamosi Telesia alimwambia Zipora anakwenda kununua nyuzi.

Upepo wa Makambako ulimpokea stendi, ule upepo usiojua kupumzika, ukampiga vumbi la barabara machoni. Makaburi ya parokia yalikuwa yamejaa watu. Vijana walipanda juu ya ukuta na simu mikononi. Magari mawili meupe yalisimama kwenye nyasi, na mwanamume mwenye kofia, ambaye wote walimwita mwongozaji, alikuwa akiwasogeza watu nyuma kwa upole kama anayeswaga kuku.

"Kamwene, Telesia," mtu alimsalimia nyuma yake.

Alikuwa Dorika, jirani yao wa zamani, aliyemwosha Oktavia siku ya msiba. Alimshika mkono akamvuta pembeni.

"Kamwene, dada."

"Nimesikia kwenye televisheni kwamba umekufa," Dorika alisema. Hakuwa anacheka. "Wapo watu hapa wanaojua. Wamenyamaza kwa sababu wanataka kijana wa Makambako ashinde. Mimi sina haja ya kushinda. Nikiinua mkono nikasema huyu ndiye mama yake aliyemzaa, huyu hapa amesimama, watafanya nini?"

"Usiseme."

"Anakukana mbele ya nchi nzima!"

"Dada Dorika, nakuomba. Usiseme."

Hilary alishuka garini. Alikuwa amevaa koti jeusi, ameshika waridi nyekundu zilizofungwa kwa karatasi inayong'aa. Alipiga magoti mbele ya msalaba wa saruji wa Oktavia.

"Mama, nimerudi," alisema kwa sauti safi iliyofika mpaka ukutani. "Mwanao nimerudi. Ulisema nitakuwa mtu. Nimekuwa mtu, mama." Wanawake wengi walishika vifua. Chozi moja la kijana lilishuka mahali pake.

"Upepo umeharibu sauti," mwongozaji alisema. "Turudie."

Kijana akasimama, akajipangusa magoti. Alipoinua macho alimwona Telesia.

Hapakuwa na umbali mkubwa kati yao, mistari miwili ya watu tu. Telesia hakujificha wala hakusogea. Aliona bega la mwanawe likienda sikioni.

"Tuko tayari? Haya."

Hilary akapiga magoti tena. "Mama," alisema. Kisha hakuweza kuendelea. Alifungua mdomo, akaufunga. Alijaribu tena neno lilelile, likatoka kama kikohozi, na kichwa chake kikashuka mpaka kikagusa udongo.

Mwongozaji alimwinulia dole gumba mpiga kamera. "Hiyo ndiyo," alinong'ona. "Usikate. Usikate."

Mtangazaji wao, binti aliyeitwa Jenifer, aliyevaa koti kubwa na bado anatetemeka, aliwageukia watu. "Je, kuna ndugu yeyote wa marehemu hapa?"

Watu waliojua walitazama chini. Wengine walitazamana.

"Yupo," Dorika alisema, na kabla Telesia hajamzuia, alikuwa amemsukuma mbele.

Kamera ilikuwa kubwa kuliko Telesia alivyofikiri. Ndani ya kioo chake aliona kitu kidogo kilichojitanda kitenge, akajua kwamba ni yeye. Angekuwa kibarazani kwake, mashine mbele, angejua mara moja mwanamke huyu anapaswa kufanya nini. Ampige kofi. Amkumbatie alie. Aseme ukweli, twende matangazo. Sasa hakuna mtu aliyemwandikia maneno.

"Karibu, mama," Jenifer alisema. "Wewe ni nani kwake Hila?"

Hilary alikuwa bado amepiga magoti. Alikuwa anamtazama kwa macho ya mtoto aliyevunja chungu, anayesubiri ajue kitakachofuata.

"Mimi ni mdogo wake marehemu," Telesia alisema. "Ni mama yake mdogo."

Alisikia Dorika akivuta pumzi.

"Na marehemu alikuwa mama wa namna gani?"

Hilo lilikuwa rahisi, kwa kuwa halikuhitaji uongo. "Alikuwa mama kweli," alisema. "Huyu mtoto alipougua homa ya uti wa mgongo, dada alimpeleka hospitali ya Ikonda. Gari liliharibikia njiani, akambeba mgongoni kwenye baridi ile, na yeye mwenyewe kifua kilishaanza. Walilala hospitalini mpaka mtoto akaanza kugeuza shingo. Mimi sikuwepo. Alinisimulia. Nguo zangu nilizokuwa namletea hazikuwahi kumtosha. Dada alizifumua akamshonea upya. Kwa hiyo akisema mama yake ni Oktavia, amesema sawa."

Jenifer alikuwa anafuta macho. "Kumbatianeni, tafadhali. Hila, mkumbatie mama mdogo."

Hilary akamkumbatia. Alinukia manukato. Chini ya koti, mgongoni, mkono wa Telesia uligusa kiboksi cha kipaza sauti kilichofungwa kwa mkanda, cha moto kidogo kama kitu chenye uhai.

"Umekonda," alimwambia sikioni, ingawa hakuwa amekonda.

Hilary alitaka kusema kitu. Alimshika mikono yote miwili, akaitazama, vidole vilivyokwaruzwa na sindano. Kisha mkono wake mmoja ukapanda kifuani, ukagusa waya wa kipaza sauti uliojificha kwenye kola. Ukakaa pale.

"Ahsante, mama mdogo," alisema.

"Haya, baba. Nenda. Wanakusubiri."

Magari yaliondoka na watu wakayafuata, watoto wakikimbia ndani ya vumbi wakiimba jina la Hila. Dorika alibaki nyuma kidogo, akafunga vizuri khanga yake kichwani.

"Sijui kama umemsaidia au umemmaliza," alisema.

"Hata mimi sijui."

"Twende nyumbani ukanywe hata uji."

"Nakuja, dada. Tangulia."

Alipobaki peke yake alikaa kwenye ukingo wa kaburi la jirani, kaburi la mtu asiyemjua. Upepo ulikuwa umeing'oa ile karatasi inayong'aa na kuipeleka mpaka kwenye ua wa miba. Jua lilikuwa limeanza kujificha nyuma ya miti ya misindano, na baridi ikawa inatoka ardhini.

Mbuzi mweupe, kamba ikiburuzika kutoka shingoni, akaingia pale ukuta ulipobomoka. Alizunguka msalaba mmoja, akazunguka wa pili, akafika kwa Oktavia. Alinusa waridi. Akang'oa moja, akatafuna bila haraka.

Telesia aliokota jiwe. Mbuzi akainua kichwa, petali nyekundu ikining'inia mdomoni, akamtazama. Kisha akainama tena kwenye maua. Telesia aliendelea kukaa, jiwe mkononi, mpaka likaanza kupata joto.