Memori Aliyoiokoa Pelenatete

Seva ya ofisi ya ramani ya Mautu, pale mjini Apia, ilikuwa imeelemewa. Ramani zote za viwanja zilikaa humo, na kila mchoraji alizifungua kupitia mtandao akiwa mezani kwake. Kufungua ramani moja kulichukua muda wa kutosha kuchemsha kakao, kuimimina, na kuanza kulalamika kwamba imepoa.

Pelenatete, fundi wa kompyuta, aliona aibu. Wenzake wala. Walibonyeza faili, wakasimama, wakaenda kwenye birika. Hapo ndipo Fereti na Lafaele, watoto wa ndugu wawili, waliokuwa hawasemeshani tangu walipogombea cheo cha matai, yaani mkuu wa ukoo, walipoanza kupitishiana sukari. Baada ya sukari yakaja maneno.

"Yako imefunguka?" Fereti aliuliza.

"Bado. Yako?"

"Yangu ndiyo kwanza inavaa viatu."

Mautu, mwenye ofisi, akamwita Pelenatete. "Pele, binti yangu, seva imejaa nini? Diski si tulinunua juzijuzi?"

"Diski ina nafasi, bosi. Kilichojaa ni memori. Diski ni kabati, memori ni meza. Kila ramani inayofunguliwa inatandazwa mezani, na watu wako hawafungi. Fereti peke yake ameacha wazi nusu ya vijiji vya kisiwa cha Savai'i."

"Basi tununue meza nyingine?"

"Au tupunguze vilivyo juu yake."

Mautu alilipenda neno kupunguza. Halikuwa na risiti.

Pelenatete akaipangia seva utaratibu mpya: ramani ambayo haijaguswa tangu asubuhi iachiliwe, na maelezo yanayotunzwa kwa kila faili yawe machache. Akapita meza kwa meza akiwabembeleza watu wafunge walichomaliza. Jumatatu ramani zikawa zinafunguka kidole kikiwa bado kwenye kitufe. Memori iliyotumika ilishuka hadi chini ya nusu. Akatoka chumbani kwake akitembea polepole, ili wa kumshukuru wapate nafasi.

Fereti alikuwa ameshika kikombe kitupu, kama mgeni ambaye teksi yake imefika kabla ya chakula. "Umefanya nini, Pele?"

"Nimeipunguzia mzigo."

"Ukanitwisha mimi."

Kweli, Mautu alipoona mambo yanakwenda mbio, alikubali kazi mpya mpaka za visiwa vya mbali. Kwenye birika hakukuwa na mtu. Fereti na Lafaele wakarudi kupeana migongo.

Kisha Mautu akaiona grafu ya matumizi ya memori. "Nusu ya memori imekaa bure?"

"Haijakaa bure, bosi. Ni nafasi ya siku ya pilikapilika. Na hizi kazi mpya zitaihitaji."

Alimsikiliza kwa subira ya mtu aliyekwisha kuamua. Ijumaa nusu ya vipande vya memori vilichomolewa kwenye seva vikachomekwa kwenye kompyuta ya Mautu mwenyewe, anayoitumia kutazama raga. Seva ikarudi palepale, au nyuma kidogo.

Wafanyakazi walimletea Pelenatete sahani ya panikeke, maandazi ya mviringo.

"Tulijua hutatutupa," Lafaele alisema.

"Lakini si mimi niliyefanya hivi."

"Sawa, dada. Hatutamwambia mtu."

Hata kompyuta yake yeye ilikuwa inasubiri seva, basi akakaa nao. Fereti, aliyekuwa katika hali nzuri, akamgeukia. "Wewe huhusiki na ukoo wetu. Hebu sema, kati yangu na huyu, nani alistahili kile cheo?"

Angeweza kuomba sukari. Lakini Pelenatete alikuwa fundi. Ukimuuliza kilichoharibika, anakwambia. "Hakuna. Mimi ningempa shangazi yenu Tusipepa. Yeye ndiye anayeitunza ile ardhi. Nyinyi mnaichora tu."

Walitazamana. Kisha Lafaele akasogeza sahani ya panikeke upande wa Fereti, wakaanza kula wawili tu, taratibu, huku wakizungumzia hali ya hewa.

Tangu siku hiyo wanaelewana vizuri mno. Wanakunywa pamoja, wanacheka pamoja, na kanisani wanakaa benchi moja. Printa ikikwama, na ikawa hapana budi Pelenatete aambiwe, wanamtuma Mautu akamwambie.