Kahawa ya Mkono Wangu

Finjani ziligongana jikoni, ti, ti, kisha kimya.

Nilikuwa nimezima taa, nimejilaza pembeni ya mwanangu Lujain nimbembeleze alale. Sauti ile naijua tangu utotoni. Finjani za Mama zenye mstari wa dhahabu hazishuki kabatini kwa ajili yetu. Sisi twanywea vikombe vyovyote. Zikigongana, ujue wamekuja wageni wa maana. Na mimi hakuna aliyeniambia kuna wageni.

"Mama, nani anakuja?" Lujain akaniuliza.

"Lala, mwanangu. Marafiki wa mjomba Sleyum hao."

Niliamini nilichosema. Usiku ule nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu mkono wangu uvunjwe. Asubuhi yake hakimu angesikiliza madai yangu, na buibui langu lilikuwa limeshapigwa pasi, linaning'inia mlangoni.

Mkono wenyewe ulivunjwa mtaa wa Khuwair ya Kusini, nyuma ya duka la mikate. Kijana mmoja, Bakhit, aliona gari langu limemzibia njia. Nilikuwa nikimfunga Lujain mkanda, nikamwambia, "Subiri kidogo, ndugu yangu, natoka sasa hivi." Hakusubiri. Alishuka na spana ya magurudumu akapiga kioo cha nyuma, upande aliokaa mtoto. Pigo la pili nililikinga kwa mkono. Mifupa iliunga, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Mimi nashona kofia. Zile tundu ndogo ndogo za kofia ya Kiomani, unazizungushia uzi moja moja mpaka macho yanatoka machozi, ndiyo kazi yangu na ndiyo starehe yangu. Sasa sindano inaniponyoka kama samaki.

Wakili sikuweka. Baba yake Lujain yuko kazini mbali, Duqm, anakuja mara moja moja, na tulichonacho kinatutosha kula. Lakini nilikuwa nimesoma masomo ya jioni, mimi niliyeacha shule kwa ajili ya ndoa, na Kiarabu cha kuandika kilishanikaa mkononi. Karani mmoja wa mashtaka, mwanamke, aliniambia: "Andika mwenyewe unachodai, ambatisha ripoti ya daktari. Serikali itamshitaki kwa upande wake. Fidia ya jeraha ni haki yako wewe. Hakuna wa kuisamehe ila wewe." Niliandika usiku mbili, nikafuta, nikaandika tena. Nilipoyapeleka madai yangu na yakapokelewa, nilikaa ndani ya gari nikalia kwa raha.

Na Sleyum alikuwa nami kila hatua. Kaka yangu huyu ndiye aliyenibeba hospitali, ndiye aliyenipeleka polisi, ndiye aliyeniambia, "Wakili wa nini, na mimi nipo?" Siku ya kwanza, mbele ya Mama, wajomba waliuliza nani atanisemea mimi Lamya kwa wanaume wa upande wa Bakhit. Mimi nikajibu kwa moyo mweupe, "Neno langu liko kwa kaka Sleyum." Nilidhani nampa kazi ya kupokea simu na salamu. Wanaume waliitikia kwa vichwa, na hapo sikuelewa kwamba nimemkabidhi kitu kizito.

Nje mbuzi akalia.

Lujain akaketi. "Mama, kuna mbuzi!"

"Mbuzi wa nani, mjini Bawshar hapa, saa hizi?"

Nilichungulia dirishani. Gari la mizigo limesimama mlangoni petu, mbuzi wawili wamefungwa nyuma. Nikajitupia buibui, nikatoka kimya mpaka kwenye kizingiti cha majlisi, chumba cha wageni. Mlango uliachwa wazi kidogo.

Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alikaa katikati na wanaume wake pande mbili. Mbele ya kila mmoja ilikuwa finjani imejaa, imewekwa chini juu ya mkeka, haijaguswa. Kila aliyelelewa nyumba za huku anajua maana yake. Mgeni akija na ombi, haigusi kahawa yako mpaka umkubalie. Akinywa, limekwisha, na kurudi nyuma ni aibu ya ukoo mzima.

"Sisi ni wakosa," mzee alikuwa akisema. "Mimi Yaqdhan nimekuja na uso wangu. Huyu mwanangu alighadhibika, shetani akamwingia. Nna ombi moja tu, Sleyum mwanangu. Dada yako aache hayo madai yake."

Bakhit alikuwa mwisho wa safu, macho chini. Kichwani alivaa kofia nzuri, tundu zake zimekaa sawasawa. Nilijikuta naitazama kazi ya yule fundi.

Nilimsubiri kaka yangu aseme kwamba haki si yake. Nilimsubiri hata aseme, "Ngojeni nimuulize."

"Kunyweni," alisema Sleyum. "Mlichokuja nacho kimepita."

Wakanywa. Nilizisikia koo zao.

"Allah akuweke," mzee Yaqdhan akasema, sauti imelegea. "Na lile jambo letu jingine, lile la binti yetu, Ijumaa mje. Mlango uko wazi."

Sleyum akainamisha kichwa na kutabasamu. Miezi yote ile aliyokuwa akiniambia, "Nakwenda kwao kukupigania," kumbe alikuwa anachumbia.

Sikumbuki kusukuma mlango. Nakumbuka tu wanaume wote wakitazama pembeni, kama inavyopasa, na mimi nimesimama katikati yao.

"Salamu aleikum, mzee wangu. Aliyevunjwa mkono ni mimi."

"Lamya, rudi ndani," Sleyum akasema taratibu. "Nimeshawanywesha."

"Umewanywesha nini, kaka? Mkono wangu?"

"Wewe mwenyewe ulinipa neno. Mama yupo, muulize."

"Nilikupa neno unisemee. Sikukupa unitoe mahari."

Mmoja wa wanaume akakohoa kuficha kicheko. Sleyum alibadilika rangi.

"Unanifedhehesha mbele ya watu. Nani alikuwa akikufunga vifungo ulipokuwa na plasta? Nani alikuwa akimpeleka mtoto wako shule?"

"Wewe," nikasema. "Ndiyo maana inauma."

Angekuwa mtu mwengine, ningejua la kumfanya. Nilimtazama kaka yangu na bado nikamwona yule aliyenibeba hospitali, kanzu yake imelowa damu yangu. Ni yule yule. Hilo ndilo sikuweza kulimeza.

Mzee Yaqdhan akainua mikono. "Binti yangu, sisi tulidhani umeridhia. Mbuzi wako nje. Matibabu tutasimamia. Usitufungie njia, kahawa tumeshainywa."

Mama akaja kutoka jikoni na dele la kahawa mkononi. Hakunitazama. Alinijazia finjani, kahawa ikamwagika kidogo kwenye mkeka.

"Kunywa, mwanangu. Unywe nawe, yaishe. Watu wakishakunywa hatuwezi kuwaambia watapike. Na kaka yako naye anataka nyumba yake."

"Na mimi, Mama?"

"Wewe una mume, una mtoto. Utapona."

Niliipokea kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia hauishiki finjani. Mama angenikaripia siku nyingine. Usiku ule aliona na akaniachia.

Iliniunguza vidole. Harufu ya iliki ilinipanda puani, na niliwaza itakavyokuwa rahisi. Funda moja tu. Mama angepata usingizi, Sleyum angepata mke, na kesho angesimama mbele ya hakimu aseme dada yake kasamehe, nami ningesimama nyuma yake. Kisha kila nikishika sindano ikaniponyoka, ningejua niliinywa mwenyewe.

Nikapiga magoti. Nikaiweka finjani chini juu ya mkeka, imejaa, mbele ya mzee Yaqdhan, vile vile kama walivyoweka wao.

"Mzee wangu, mimi nami nina ombi," nikasema. "Kesho asubuhi uje mahakamani na mwanao, anisikilize ninavyosema. Kaka asihangaike kunipeleka, nitakwenda kwa teksi."

Sleyum akageuza uso ukutani. Mwanamume mmoja upande wa mlangoni, nadhani ili apate la kusema, akaguna, "Alhamdulillahi, basi limekwisha, wote tumekunywa."

Lujain alikuwa amesimama kizingitini na nguo zake za kulalia, anaitazama finjani yangu.

"Mama hajanywa," akasema.