Kitanda cha Kwenye Stempu

Jumapili moja ya mwisho wa Februari, baada ya misa katika kigango kimoja cha Kanoni, katekista alisoma matangazo kama kawaida. Alianza na mbuzi mweusi aliyepotea tangu Jumatano, akaja kwa wanakwaya wanaochelewa mazoezi, akamalizia na barua iliyofika kwenye sanduku la posta la parokia kule Kayanga. Barua ilikuwa ya Dafroza, lakini Dafroza hakuwapo kanisani kwa sababu alikuwa amejifungua alfajiri ya siku hiyo. Mumewe, Cleophace, ndiye aliyekwenda mbele kuipokea. Watu wakampigia makofi kwa ajili ya mtoto, naye akainamisha kichwa kama mtu aliyetoka kwenye kazi ngumu.

Ilikuwa kadi ya Krismasi. Ilitumwa na Deodatha, dada yake Dafroza, ambaye ni mtawa na anauguza wazee huko Italia. Iliondoka kabla ya Noeli ikafika Kwaresima ikinukia. Deodatha alimwomba mdogo wake aitazame vizuri stempu, kwani picha yake imetolewa kwenye kitabu cha sala cha kale, cha enzi ambazo watawa waliandika vitabu kwa mkono na kuvipamba ukurasa kwa ukurasa, rangi ya bluu wakiisaga kutoka kwenye jiwe na mbingu wakiibandika dhahabu halisi. "Nimeichagua hii kwa sababu Bikira Maria amelala," aliandika. "Kwenye picha nyingi za huku amepiga magoti, na huwa nawaza, jamani, si amejifungua sasa hivi? Nikakukumbuka."

Kweli alikuwa amelala. Godoro lilikuwa jekundu, nene, na yeye amejifunika nguo ya bluu, mkono chini ya shavu. Pembeni kulikuwa na hori, ndani yake mtoto, juu yake ng'ombe na punda wakimpulizia pumzi. Chini kabisa aliketi Yosefu, kidevu mkononi, akiwa hatazami chochote. Muhuri wa posta ulipita na mistari yake myeusi juu ya miguu ya Maria. Cleophace alichomeka bahasha kwenye fremu ya kioo cha chumbani, stempu ikitazama kitanda, akatoka kwenda kusalimia watu.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi Costansia, mama yake Cleophace, aliingia chumbani akiwa ameshika jembe.

"Shikamoo mama," alisema Dafroza.

"Marahaba. Mvua umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Wenzetu wa Kihanga wameshaweka maharage, Mama Novatus."

Hakusema kwa ubaya. Zamani mzazi alilala ndani mpaka kitovu cha mtoto kidondoke, majirani wakimletea supu na kumchotea maji, na hata sasa wapo wanaofanyiwa hivyo. Costansia mwenyewe alinyimwa siku hizo, na tangu hapo aliziona kama siku ambazo hazipo kwenye kalenda. Aliegemeza jembe ukutani, akamsifu mtoto kwa pua yake, akaondoka. Cleophace naye alikuwa mtu wa kahawa. Maharage ni shamba la wanawake, na kahawa mwezi ule ilihitaji kutazamwa tu, kwa hiyo alikwenda kuitazama.

Dafroza alisimama mbele ya kioo afunge kitambaa kichwani. Damu ilikuwa bado inatoka. Alikuwa amechoka, tena si uchovu wa usiku mmoja. Ulikuwa umerundikana tangu mtoto wa kwanza, Novatus, na huyu alikuwa wa tano. Alitazama lile godoro jekundu mpaka machozi yakamtoka.

"Bibi, umelala pazuri," alisema.

Maria akafungua macho. Kinyambo chake kilikuwa kizuri, chenye lafudhi ya upande wa Kyerwa.

"Njoo ulale," alisema. "Jembe lilete."

Dafroza aliingia kwa mguu wa kulia, kwa kuwa kitanda kilikuwa upande huo. Maria alishuka akakanyaga meza, kiti, kisha sakafu, akambeba mtoto mchanga wa Dafroza mgongoni, akatoka na jembe kwenda shambani.

Ndani ya stempu kulikuwa na joto. Mbingu ya dhahabu ilitoa joto kama bati la mchana, na pumzi ya punda ilinukia majani makavu. Yosefu hakugeuka. Mtoto wa kwenye hori alipolia, Dafroza alimnyonyesha, kisha akalala usingizi ambao hakuwahi kuulala tangu aolewe. Akiamka ananyonyesha, analala tena.

Huku nje mambo yalikwenda. Maria alilima, akapanda maharage katikati ya migomba, akachota maji, akamenya ndizi, akapika. Watoto walimwita mama mwingine kwa siku moja, uji ulipowahi kuiva wakaacha kusema mwingine. Costansia aliona nguo ya bluu akadhani ni zawadi ya Deodatha. Alisema ni nzuri ila bluu inaonyesha sana udongo, na ile mistari myeusi ya chini ajaribu kuitoa kwa ndimu. Cleophace alikuta kitu kinakwaruza kwenye maharage.

"Maharage yana mchanga," alilalamika.

Haukuwa mchanga, ni dhahabu iliyokuwa ikipukutika kutoka mikononi mwa Maria. Cleophace alitema pembeni ya sahani akaendelea kula. Usiku Maria alilala chini, kwenye mkeka, pamoja na watoto. Cleophace hakuuliza.

Aliyeuliza ni Uwingabire, jirani wa mpakani mwa shamba, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na ambaye amelima vibarua katika mashamba mengi ya Kanoni. Yeye hutambua watu kwa jinsi wanavyoshika mpini.

"Wewe si mwenye shamba," alisema.

"Si mimi."

"Wanakulipa?"

"Hapana."

"Basi ni ndugu," alisema Uwingabire, akainama kuendelea na tuta lake. Kisha akainuka tena, kwa sababu aliona nguo ya bluu imelowa kifuani, na chini ya ile mistari myeusi kulikuwa na damu. "Nawe umejifungua lini?"

"Usiku ule uliochorwa," alijibu Maria. "Huwa ni usiku uleule."

Jioni Uwingabire alipeleka ndizi mbivu za kumpongeza mzazi. Aliingia chumbani, akamkuta mzazi ndani ya stempu pale kwenye kioo, amelala chali katika dhahabu, mtoto wa wenyewe kifuani.

"Dafroza! Amka. Huyo uliyemwacha shambani anavuja damu. Naye ni mzazi wa jana."

Dafroza alikaa kitako. Hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo, ingawa hori lilikuwa palepale na mtoto wa humo alikuwa anamnyonyesha yeye mwenyewe. Aliona aibu. Halafu akaona hasira, kwa sababu aibu ile haikuwa ya kwake peke yake na bado hapakuwa na mwingine wa kuibeba. Kitovu cha binti yake kilikuwa hakijadondoka. Alitamani sana, kwa moyo wote, kujifanya hajasikia. Akashuka.

"Rudi ukalale, bibi," alimwambia Maria alipofika kutoka shambani. "Kitanda ni chako."

"Na wewe?"

"Mimi nitalima."

"Basi nitalalaje, nikiwa nakuona?" alisema Maria. "Kitanda kinatazama mlangoni."

Walibishana kwa sauti ya chini wakati ndizi zinachemka. Kila mmoja alimsukumia mwenzake godoro, hakuna aliyekubali. Mwishowe Maria aliingiza mkono kwenye stempu akamtoa mwanawe horini, na kesho yake alfajiri wote wawili wakaenda shambani, kila mmoja na jembe, kila mmoja na mtoto mgongoni.

Cleophace aliwaona akiwa kwenye kahawa.

"Kumbe mko wawili," alisema. Alifikiri kidogo, akashuka kwa jirani mmoja, akaomba alime na kile kipande cha bondeni kilichokuwa kimelala, maana mikono sasa ilikuwepo. Aliporudi aliwaonyesha mpaka wake kwa kidole. Walilima mpaka jua likageuka, wakipumzika tu mtoto mmoja anapolia, na wakati mwingine walibadilishana watoto bila kuangalia ni yupi.

Waliporudi nyumbani jioni, mabuti ya Cleophace yalikuwa mlangoni mwa chumba, yamepangwa vizuri. Costansia alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya kioo, akifukuza inzi kwa upande wa khanga. Ndani ya stempu, juu ya godoro jekundu, Cleophace alikuwa amelala mdomo wazi. Yosefu, ambaye hakuwahi kujitikisa tangu achorwe, alikuwa amesogea kumpa nafasi ya miguu.

"Msipige kelele," Costansia alinong'ona. "Mwacheni mwanangu apumzike. Nyumba yenye mtoto mchanga inachosha."

Dafroza alimtazama Maria. Maria alikuwa anatazama kitanda chake.

"Kuni ziko wapi?" aliuliza hatimaye.

"Nyuma ya jiko," alisema Dafroza. Akachukua ndoo, akaenda kuchota maji kabla giza halijaingia.